Mafahali wawili katika bunduki moja

Wiki hii naomba tuzungumzie bunduki isiyotumia risasi. Fundi mmoja wa majokofu aliyenisikia redioni aliniletea swali fupi: kwa nini bunduki ya kupulizia sponji huziba kabisa fundi akienda tu kunywa chai, ilhali bunduki ya rangi ya kawaida humsubiri mpaka arudi? Nilidhani jibu lingenichukua dakika mbili. Limenichukua wiki nzima, na limenipeleka Ujerumani, Marekani na hata nje ya anga.

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani: gundi ya mirija miwili. Kila mrija peke yake ni mpole. Unaweza kukaa kabatini mwaka mzima bila kufanya lolote. Ukikamua kidogo kutoka huku na kidogo kutoka kule, ukakoroga na njiti ya kiberiti, saa imeanza kuhesabu na hakuna wa kuisimamisha. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu tina iliyomo inaruka na kwenda zake hewani. Ifungie mkebeni nayo itakusubiri. Vimiminika viwili vinavyoshikana havingoji upepo wala jua. Kazi yao wanaimaliza wenyewe, popote walipokutanishwa, hata kama ni ndani ya chombo chako cha bei kubwa. Na ikiwa gundi hukupa dakika kadhaa, sponji ya kupulizia hukupa sekunde. Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wazee. Mtengeneza bunduki hii ameambiwa awachukue mafahali hao, awapitishe mlango mmoja, na zizi libaki zima.

Wa kwanza kulimaliza tatizo la namna hii hakuwa mhandisi. Alikuwa mdudu. Wako mbawakavu ambao wakiguswa na siafu humgeuzia adui mkia na kumpulizia dawa ya moto kama maji yanayochemka, takribani nyuzi 100 za Selsiasi. Ndani ya tumbo lake mna mifuko: wa kwanza una kemikali zilizotulia, na wa pili, wenye ukuta mgumu, una vimeng'enya. Anapobanwa, husukuma tone kutoka mfuko wa kwanza kwenda wa pili, na mlipuko hutokea hapo, nje kabisa ya ghala. Mwanasayansi Thomas Eisner na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba mdudu huyo hatoi mkondo mmoja mfululizo, bali vimlipuko vipatavyo 500 kwa sekunde moja, na kati ya kimoja na kingine mlango hufungwa. Mmoja wa wadudu waliosaidia sana kazi ya Eisner ni wa kwetu, mbawakavu anayepatikana Kenya. Nayasema haya si kwa kujisifia mdudu, bali kwa sababu yumo katika kila bunduki nitakayoieleza hapa chini: weka akiba mbali, kutanisha kidogo kidogo, kutanisha mwishoni.

Kwa upande wa binadamu habari inaanzia Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Otto Bayer, mkemia wa kampuni ya I.G. Farben, ambaye hakuwa wa ukoo wa wenye kampuni ya Bayer ingawa jina ni lile lile, aligundua kwamba kimiminika cha jamii ya isosayaneti kikikutana na kimiminika kingine cha jamii ya polioli, huzaliwa plastiki mpya. Ndiyo tunayoiita poliyurethani. Wenzake hawakuvutiwa. Inasimuliwa kwamba vipande vyake vya kwanza vilijaa mapovu, na waliovipima wakakejeli kuwa labda vingefaa kuigizia jibini ya Uswisi, ile yenye matundu. Mapovu yale yalitokana na unyevu kidogo ulioingia: isosayaneti ikikutana na maji hutoa hewa ya ukaa, kama hamira kwenye unga wa maandazi. Kile walichokiona ni uchafu ndicho kikawa biashara yenyewe. Ukitaka plastiki nzito, weka mbali maji. Ukitaka sponji, yaalike.

Kemia hiyo ilipatikana mapema. Mashine ndiyo iliyochelewa. Kukoroga kwenye ndoo kulitosha kwa vipande vya maabara, lakini si kwa kiwanda, maana aliyekoroga polepole alikuta mwiko umegandia ndoo. Katika miaka ya 1950 Peter Hoppe na wenzake wa kampuni ya Bayer walipata hati ya Marekani kwa njia ya kurusha kemikali moja kwa shinikizo kubwa kupitia tundu dogo mpaka ndani ya mkondo wa nyingine. Anayejua injini ya dizeli ataielewa fikra hiyo bila kuelezwa zaidi: nozeli husaga mafuta yakawa ukungu, na ukungu huchanganyika upesi kuliko tone. Kwa njia za namna hiyo sponji ikaanza kutoka kiwandani mfululizo kama mkate mrefu usio na mwisho. Godoro la sponji ulilolalia jana ni mtoto wa kazi hiyo.

Lakini mashine ya kiwandani imesimama mahali pamoja, na kazi inaifuata. Mwenye paa, mwenye tangi, mwenye chumba cha kuhifadhia samaki, hawezi kukiinua akipeleke kiwandani. Hapo ndipo bunduki ilipohitajika, na hapo ndipo lilipozuka swali ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha historia yote hii: hawa wawili wakutane wapi?

Kuna waliosema wakutane nje. Bunduki ina midomo miwili, kila mmoja unapuliza cha kwake, na miale miwili inapishana hewani mbele ya ukuta. Haizibi upesi, hilo ni kweli. Ila upepo ukivuma, au mkono ukitikisika, mwale mmoja unazidi mwingine na ukuta unapata sponji yenye mabaka, hapa laini inayonata, pale kavu inayovunjika kama biskuti.

Waliofuata wakasema wakutane ndani, kwenye chumba chenye kifaa cha kukorogea, kisha watoke pamoja. Mchanganyiko ukawa mzuri. Gharama yake ikawa kwamba kila fundi anapoachia kidole, lazima asukume dawa ya kuoshea chumbani kabla sekunde hazijaisha. Dawa hiyo ilikuwa kali, ilinuka, iligharimu fedha, na ilimwagika chini. Akisahau mara moja, siku imekwisha.

Jibu la tatu ndilo lililoshika soko, na jina linalotajwa sana hapo ni Fred Gusmer wa Marekani, ambaye mashine na bunduki zake za miaka ya 1960 zilifanya upuliziaji wa sponji uwe kazi ya ufundi ya kila siku. Hapa kikorogeo hakipo kabisa. Vimiminika vinaingia kwenye kitundu kidogo kutoka pande mbili zinazotazamana, kwa shinikizo la mara 70 hadi 100 ya lile la hewa tunayovuta, vinagongana uso kwa uso, na kishindo cha mgongano ndicho kinachokoroga. Chumba cha kukutania ni kidogo sana, kwa hiyo kinachobaki ndani ni kidogo vile vile. Kisha, fundi anapoachia kidole, kijiti cha chuma kinachojaa barabara ndani ya kitundu kile kinasukumwa mbele, kinaziba njia zote mbili na kufuta masalio yote hadi nje. Bunduki nyingine hufanya kazi hiyo hiyo kwa pumzi ya hewa kutoka kwenye kompresa. Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, bunduki yako ikiziba wakati wa chai, tazama kwanza kijiti hicho na mipira yake ya kuzibia. Ikiwa imelika na kupitisha hata tone, hao wawili wamekutana bila ruhusa yako.

Nyuma ya bunduki kuna kazi isiyosifiwa, nayo ni ya pampu. Kwa kawaida sponji ya kupulizia hutaka ujazo wa moja kwa moja, lita kwa lita. Kwa hiyo pampu mbili hufungwa kwenye mtambo mmoja, kama ng'ombe wawili kwenye nira, ili moja isiweze kutangulia. Vimiminika hupashwa moto na mipira yenyewe hupashwa moto urefu wake wote, hadi nyuzi 50 au 60, kwa sababu kimoja kikiwa kizito kama asali na kingine chepesi kama maji, havigongani sawasawa. Shinikizo la upande mmoja likishuka, upande wenye nguvu humwingilia mwenzake hadi ndani ya njia zake na kugandia humo. Mafundi wanaogopa ajali hiyo kuliko kuziba kwa mdomo, na wana sababu.

Nigusie mapafu, maana magazeti ya ufundi hulipita jambo hili haraka mno. Isosayaneti ikivutwa huweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na akishapata, hata kiasi kidogo sana kinatosha kumwamsha usiku akihema. Kemikali za ukoo huo zimo pia katika hadina ya rangi nyingi za magari za mchanganyiko wa vitu viwili. Nimepita gereji za mjini nikaona vijana wakipulizia wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia vumbi, mvuke hakiuzuii. Anayepulizia anahitaji hewa safi iletwayo kwa mpira kutoka nje. Na pipa la isosayaneti likiingiwa na maji huvimba, kwa sababu ile ile iliyompa Otto Bayer mapovu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, mjini Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi la kiwanda cha dawa za wadudu lenye tani zipatazo 40 za methili isosayaneti, ndugu mkali zaidi wa ukoo huo. Joto likapanda, mvuke ukafumuka, na maelfu ya watu wakafa.

Sasa tuje kwenye anga, kama nilivyoahidi. Matangi ya mafuta ya vyombo vya anga vya Marekani vilivyoruka kuanzia mwaka 1981 hadi 2011 yalibeba hidrojeni kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Bila blanketi, barafu ingejaa juu yake. Blanketi hilo lilikuwa sponji ya kupulizia, ndiyo maana tangi lilikuwa la rangi ya machungwa. Sehemu kubwa zilizo tambarare zilipuliziwa na mitambo katika kiwanda cha Michoud, New Orleans. Lakini palikuwa na pembe, boliti na vishikizo ambako mtambo haukufaa, na huko aliingia mtu na bunduki mkononi, akapulizia tabaka juu ya tabaka, kisha sponji ikachongwa kwa kisu ipate umbo.

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya chombo cha Columbia kuruka, kipande kimoja cha sponji ya mkono kilibanduka karibu na kishikizo cha mbele na kupiga ukingo wa bawa la kushoto. Uzito wake ulikadiriwa kuwa kama robo tatu ya kilo. Tarehe 1 Februari chombo kilipokuwa kinarudi, hewa ya moto ikapenya hapo, na wote 7 waliokuwamo wakafa. Wengi walikataa kuamini kwamba sponji inaweza kuua. Tarehe 7 Julai mwaka huo, huko San Antonio, wachunguzi waliurushia ukingo wa bawa kipande cha uzito huo kwa mwendo wa kama kilomita 850 kwa saa. Kikatoboa tundu la upana wa sentimita 40.

Tume ya uchunguzi ilipasua sehemu tatu kama ile kutoka matangi mengine. Ndani ikakuta mashimo na kasoro nyingine ambazo kwa nje hazionekani. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Watengenezaji walikuwa wamehangaika miaka mingi kuhusu mahali pa kukutania ndani ya bunduki, wakafaulu. Lakini kukutana hakuishii mdomoni mwa bunduki. Kimiminika kikitoka bado kinaendelea kuumuka, na kikiangukia juu ya boliti yenye pembe, kinafunika hewa chini yake. Tabaka linalofuata linafunika kosa la tabaka lililotangulia. Hakukuwa na chombo cha kupima cha kutegemewa cha kuona ndani bila kukata. Tume ikaandika kwamba haikuona dalili ya uzembe kwa waliopulizia. Naona lilikuwa neno la haki, maana aliyeshika bunduki alipewa umbo ambalo lisingepulizika vizuri. Tena sponji ya mahali pale pale ilikwisha kuanguka katika safari 7, Columbia ikiwemo, kati ya safari 72 zilizokuwa na picha za kutosha, na vyombo vikaendelea kuruka.

Baada ya hapo sponji ya kishikizo iliondolewa na mahali pake pakawekwa hita za umeme. Julai 2005, chombo cha Discovery kiliporuka, kipande kingine kikubwa kikabanduka, safari hii kutoka kinga ndefu ya sponji iliyowekwa kando ya mabomba, nayo ya kupuliziwa kwa mkono. Kwa bahati hakikupiga kitu. Vipimo vikaonyesha kwamba mabomba yangestahimili upepo bila kinga hiyo, na Julai 2006 tangi likaruka bila kuwa nayo.