Sifuri ya Kidato cha Nne: Tanzania, 2012 hadi 2016

(Muziki wa kipindi)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto wa shule. Ni nani anayeamua kwamba mtoto huyu amefaulu na yule amefeli? Na yule aliyefeli, afanyiwe nini? Twende Tanzania, tuone yaliyotokea huko kuanzia mwaka 2012 hadi 2016.

(Muziki unapungua)

Nchini Tanzania, mwanafunzi akimaliza miaka minne ya sekondari hufanya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani huo huandaliwa na Baraza la Mitihani, ambalo wengi huliita NECTA. Kwa miaka mingi matokeo yamepangwa kwa madaraja: la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Aliye chini ya hapo hupata sifuri. Mwenye sifuri haendi kidato cha tano, na milango mingi ya vyuo humfungia.

Mwezi wa Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani uliofanyika mwaka 2012. Nchi nzima ilishtuka. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Waliofaulu walikuwa takriban 35 tu katika kila 100. Wazazi walilia, wabunge walipiga kelele, na kila mtu alimtafuta wa kumlaumu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume ya uchunguzi chini ya Profesa Sifuni Mchome.

Kwa nini walianguka wengi hivyo? Sababu ya kwanza ilikuwa shuleni kwenyewe. Tangu mwaka 2004, serikali ilikuwa imeanza mpango mkubwa wa kupanua elimu ya sekondari. Shule za kata zilijengwa kwa haraka, na watoto wa maskini ambao zamani wangebaki nyumbani wakapata nafasi. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini majengo yalikwenda mbio kuliko walimu. Shule nyingi hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha wa hisabati na sayansi. Tena mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili alikuta masomo yote ya sekondari, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Na kwa miaka kadhaa, mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa kidato cha pili aliruhusiwa kuendelea tu na darasa la mbele. Alibeba upungufu wake hadi siku ya mtihani wa mwisho.

Sababu ya pili ilikuwa kipimo. Mwaka ule utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa, na wanafunzi wakapimwa kwa mizani tofauti na ile ya wenzao wa mwaka 2011. Basi mwezi wa Mei 2013 serikali ilitangaza bungeni kwamba matokeo yamefutwa, na kwamba yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Yalipotoka tena, waliofaulu walifika 43 katika kila 100. Maelfu ya vijana waliolala wamefeli waliamka wamefaulu. Karatasi zao za majibu zilikuwa zilezile.

Mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2013 serikali ilitangaza viwango vipya vya alama. Ukafuata mfumo wa wastani wa pointi, na matokeo ya mwaka 2014 hayakutumia tena madaraja ya zamani. Kisha mwaka 2016, chini ya Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, madaraja yalirudishwa.

Sasa msikilizaji, tuchukue alama moja tu, 25 kwa 100, tuifuate njiani. Katika matokeo ya kwanza ya mwaka 2012 alama hiyo ilikuwa F. Mwaka 2014 ikawa E. Mwaka 2016 ikarudi kuwa F. Je, mwanafunzi mwenye 25 alijua hesabu zaidi mwaka 2014? Hapana. Ukibadilisha kibaba cha kupimia, unga hauongezeki.

Lakini tusiseme kwamba kipimo ni kitu bure. Kibaba kikipunjwa, kuna mtu atakayelala njaa. Vilevile mstari wa kufaulu ukipandishwa ghafla, kuna kijana atakayefungiwa mlango ambao mwenzake wa mwaka jana aliupita. Ndiyo maana watu walikuwa na haki ya kuuliza. Kosa ni kudhani kwamba ukishausogeza mstari, kazi imekwisha. Mtoto anayeanguka anahitaji mwalimu, kitabu na muda.

Nchi jirani nazo zimejibu swali hili kila moja kwa njia yake. Burundi na Kongo mstari ni nusu, yaani asilimia 50, na Burundi kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaorudia darasa la msingi. Kenya ilipitisha sheria ya elimu mwaka 2013 inayokataza kumzuia mtoto asipande darasa. Tanzania, mwaka 2012, ilirudisha utaratibu wa kukariri kidato cha pili kwa asiyefikisha wastani wa 30.

Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto aliyepata 45 akiwa Burundi anaambiwa amefeli. Alama hiyohiyo, kwa viwango vya Tanzania vya mwaka 2016, ni C. Mtoto ni yuleyule, aliyebadilika ni msomaji wa karatasi. Kwa hiyo mzazi, itunze ripoti ya mtoto wako mahali pakavu, hata kama alama zake hazikufurahishi. Ukiipeleka shule nyingine, mweleze mwalimu imetoka nchi gani na kule mstari wa kufaulu uko wapi. Na mtoto akiambiwa arudie darasa, uliza: mwaka huu wa pili atasaidiwa vipi, na katika somo lipi? Akirudia bila msaada, atazunguka palepale.

Na wewe kijana uliyepata sifuri, kumbuka wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapo Watanzania walioanguka mwaka ule wakarudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wakasonga mbele.

 

(Muziki wa kufunga)