Mwanagenzi Kapewa Jembe: Historia ya Mazoezi ya Ufundishaji na Hatima ya Fasihi

Muhula wa pili unapoanza, ofisi nyingi za walimu wakuu nchini Kenya hutembelewa na kijana nadhifu aliyebeba barua ya chuo kikuu na faili mpya. Huyu ndiye mwalimu mwanagenzi, na amekuja kufanya mazoezi ya ufundishaji. Huenda wewe uliwahi kuwa yeye. Ikiwa u mtahiniwa, huenda ndiye aliyekufundisha tamthilia mwaka jana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika shule zetu mgeni huyu hupewa jembe siku ya kwanza, kisha mwenye shamba akaenda zake. Makala haya yanatazama jinsi tulivyofika hapo. Aidha, yanadai kwamba upweke wa mwanagenzi darasani ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watahiniwa wetu waijibu fasihi kwa orodha za maneno yasiyo na ushahidi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi. Jina hilo lilitokana na Anna Jeanes, mfadhili wa Marekani ambaye fedha zake zilisaidia shule za watu weusi katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo. Huko, mwaka wa 1908, Virginia Randolph wa jimbo la Virginia alikuwa ameanza kazi ya kuzizungukia shule za vijijini akiwasaidia walimu wenzake. Kabete iliuchukua mtindo huohuo. Walioteuliwa walifunzwa, kisha wakatumwa kutembelea shule ndogo za vijijini na kumwonyesha mwalimu kazi mumo humo darasani mwake.

Sisemi kwamba elimu ya wakati huo ilikuwa njema. Ilikuwa elimu ya kikoloni, na ilimwekea Mwafrika mipaka. Hata hivyo, kuna jambo moja ndani yake ambalo tunafaa kulikumbuka: mwalimu hakuachwa peke yake. Aliyejua zaidi aliingia darasani pamoja naye.

Baada ya uhuru mahitaji yalibadilika. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilitaka elimu ijenge taifa moja, na shule za sekondari zikaongezeka haraka. Mnamo 1965 kambi ya wanajeshi ya Kahawa ilikabidhiwa serikali ya Kenya, na papo pakazaliwa Chuo cha Kenyatta, kilichowafunza walimu wa sekondari. Mwaka wa 1970 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1985 kikawa chuo kikuu kamili.

Mwaka huo wa 1985 ni muhimu kwetu sisi wa Kiswahili kuliko mwingine wowote. Mfumo wa 8-4-4 ulianza kutekelezwa, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Hapo awali wanafunzi wengi wa sekondari wangeweza kuliacha somo hili. Ghafla kila darasa likahitaji mwalimu wa Kiswahili, ilhali walimu waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa mwaka wa 1989, kila mtahiniwa aliketi mbele ya karatasi ya Kiswahili.

Unaweza kukisia kilichompata mwanagenzi. Aliyekuja kujifunza akageuka kuwa wa kuziba pengo. Mwaka wa 1998 serikali ilisitisha uajiri wa moja kwa moja wa walimu, na pengo likapanuka. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka wa 2003 na ruzuku ya masomo ya sekondari ya mwaka wa 2008 zilileta wanafunzi wengi zaidi, na hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini mwalimu mwenye vipindi kupita kiasi anapomwona mwanagenzi mlangoni, humwona kama mvua baada ya kiangazi. Simlaumu. Nami nimewahi kushangilia mvua hiyo.

Nilifanya mazoezi yangu mwaka wa 2013, katika shule moja ya kutwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mikondo mitatu ya Kidato cha Tatu, kipande cha chaki na nakala ya Mstahiki Meya, tamthilia ya Timothy Arege, ambayo wakati huo ilikuwa kitabu teule. Mwalimu niliyempokea vipindi alinipa mkono, akanitakia kila la heri, na sikumwona tena darasani.

Nilifanya ambalo wengi hulifanya. Nilinunua mwongozo, nikanakili maudhui na sifa za wahusika ubaoni, nao wanafunzi wakanakili madaftarini. Maazimio yangu ya kazi yalikuwa safi, na maandalio ya somo hayakukosa hata siku moja. Mhadhiri wangu alikuja mara tatu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuijua desturi, kwa hivyo alipoketi nyuma, mikono yote iliinuliwa, hata ya wasiojua jibu. Nilipata alama nzuri.

Wiki ya sita msichana mmoja aliinua mkono pasipo mhadhiri. Aliuliza, "Mwalimu, umesema Daktari Siki ana msimamo thabiti. Ni wapi kitabuni?" Nilifungua kitabu, nikapekua, kengele ikanikuta nikingali napekua.

Mwalimu mmoja wa Historia, mama wa makamo, alikuwa ameketi nyuma akisubiri kipindi chake. Tukiwa njiani kuelekea majilisi aliniambia kwa upole, "Mwalimu, ubao umeujaza vizuri. Lakini tangu nilipoingia sijamwona mtoto aliyefungua kitabu." Juma lililofuata aliomba kuja tena. Safari hii niliwagawia wanafunzi wahusika, wakaisoma tamthilia kwa sauti, na kila tulipotaja sifa tulisimama tukatafuta ukurasa. Tulimaliza onyesho moja tu, ila darasa zima lilitoka likibishana juu ya meya na madiwani wake. Dakika zile themanini za mtu asiye wa idara yangu zilinifunza zaidi ya faili yangu yote.

Kwa nini nakusimulia haya katika jarida la uhakiki? Kwa sababu uhakiki huanzia hapo. Mwanagenzi aliyeachwa peke yake hushika mwongozo kama anayezama ashikavyo unyasi. Muhula ukiisha, tabia hiyo huenda naye hadi shule atakayoajiriwa, na huko hurithiwa na watahiniwa. Ndipo tunasoma majibu ya Karatasi ya Tatu yanayosema mhusika fulani ni "katili, mnafiki, mbinafsi", bila tukio hata moja la kuthibitisha. Tunamlaumu mtahiniwa, ilhali amefuata tulivyomfunza.

Basi, mwalimu mwenzangu, mgeni huyu akija mwaka huu, mpe zile siku mbili za methali. Mruhusu akutazame ukifundisha shairi au sura ya riwaya, hata kama unajiona hujakamilika. Baadaye ingia katika kipindi chake mara moja kwa wiki, kisha mwambie ulichokiona. Usimpe sarufi peke yake kwa kuhofia kwamba ataiharibu fasihi. Akiiharibu ukiwepo, itarekebishika.

Nawe mwanagenzi, usingoje kualikwa. Omba kuketi nyuma ya darasa la mwenzako. Mwongozo uusome baada ya kitabu chenyewe, na usiandike sifa ubaoni kabla hujajua ukurasa wake.

Nawe mtahiniwa, unayo haki aliyoitumia yule msichana. Mwalimu wako akitaja sifa au maudhui, muulize kwa heshima: ni wapi kitabuni? Huenda akakosa jibu siku hiyo, kama nilivyokosa mimi. Kesho yake atakuja nalo, nanyi nyote wawili mtakuwa mmejifunza.