Picha Zilizopatikana Penye Maji

Mtu apitaye nyika ya kaskazini ya Kenya baada ya mvua huweza kutembea siku nzima asimwone mnyama ila kwa mbali, maana kila dimbwi lina maji, na kila mnyama hunywa mahali apendapo. Kiangazi kikishika, madimbwi hukauka moja moja, nao waliotawanyika hulazimika kuyarudia maji machache yaliyosalia. Tembo hufukua mchanga wa mto mkavu kwa mguu na mkonga hata maji yatoke. Choroa huvumilia kiu siku nyingi. Punda milia jike anyonyeshaye hawezi. Yambidi aje kunywa kila siku au kila siku ya pili, simba awepo asiwepo.

Mwindaji alilijua jambo hilo tangu zamani, na mpiga picha alijifunza kwa mwindaji. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa C. G. Schillings, Mjerumani, aliyesafiri pande za Kilimanjaro na nchi ya Wamasai mwanzoni mwa karne ya 20. Usiku alitega kamera penye maji, au karibu na mnyama aliyefungwa kuwa chambo. Mnyama alipogusa uzi, unga wa magnesiamu uliwaka na jicho la kamera likafunguka mara moja. Vioo vya picha vilikuwa vizito, navyo vilichukuliwa na wapagazi mwendo wa siku nyingi. Bila mabega yao hapangekuwa na picha hata moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, kikiwa na picha kama 300. Lakini bwana huyu alishika kamera na bunduki pamoja, na jina la kitabu chenyewe lakiri hivyo. Wanyama aliowaua hawakuwa wachache.

Baadaye walikuja Martin na Osa Johnson kutoka Marekani. Tangu mwaka 1924 hata 1927 walikaa juu ya mlima wa Marsabit, kando ya ziwa lililo katika shimo la volkano ya kale. Mlima huo una msitu na ukungu, na chini yake pande zote ni nchi kavu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi tembo huupanda kutafuta maji na malisho. Miongoni mwa waliowasaidia kwa fedha alikuwa George Eastman, mwenye kiwanda cha Kodak. Walijenga vibanda vya miiba karibu na maji, wakaketi humo kimya kutwa, na pengine usiku kucha. Martin alizungusha mkono wa kamera, naye Osa alisimama kando na bunduki. Picha yao ya senema iitwayo Simba ilionyeshwa mwaka 1928.

Kazi hiyo yategemea upepo. Ukigeuka na kuwapelekea wanyama harufu ya mtu, taabu ya siku nzima imepotea. Hayo ni hasara ya mpiga picha, nayo ni ndogo. Hasara ya mnyama ni kubwa zaidi: ametembea mbali kwa kiu, naye arudi bila kunywa, pengine na mtoto nyuma yake. Mimi naona picha iliyopatikana kwa njia hiyo haifai kusifiwa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Tena maji hayo yana wenyewe. Katika visima virefu vya Marsabit Waborana husimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo na kuimba, ili ng'ombe na ngamia wanywe. Mahali penye watu na mifugo mchana, punda milia hungoja usiku. Kibanda cha mgeni kikiwekwa hapo usiku nao, mnyama aende wapi?

Mwezi wa Januari mwaka 2016, watu wengi walizunguka kaskazini ya Kenya wakiwa na kamera, wakawapiga picha punda milia wa Grevy, wenye milia myembamba na masikio makubwa ya mviringo. Kila mnyama alipigwa ubavu wa kuume tu, kwa kuwa milia ya mmoja hailingani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vya watu. Kompyuta ikalinganisha picha hizo, asihesabiwe mmoja mara mbili. Hesabu iliyopatikana ilikuwa karibu 2,350.