Afisa wa tume ya ufisadi hupata wapi mamlaka yake?

Likuyani, eneobunge lililo kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, li mbali na Nairobi, yaliko makao makuu ya Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC). Hata hivyo, fedha za umma hutumika huko kila siku katika shule, zahanati, barabara na basari. Iwapo mkazi wa Sango au Kongoni atapiga ripoti kwamba fedha hizo zimefujwa, atakayefika kuchunguza si mwenyekiti wa tume, bali ni afisa wa kawaida. Je, ni nani aliyempa afisa huyo uwezo wa kudai daftari za hesabu?

Mamlaka hayo si yake, amekasimiwa. Kifungu cha 79 cha Katiba ya 2010 kiliagiza Bunge liunde tume hiyo, nayo sheria ya 2011 ikaiunda. Inaongozwa na mwenyekiti na makamishna wengine wanne. Shughuli za kila siku husimamiwa na Katibu, ambaye ndiye Afisa Mkuu Mtendaji. Yeye huteuliwa na tume kwa idhini ya Bunge la Taifa, na huhudumu kwa kipindi kimoja cha miaka sita.

Sheria ya Kukabiliana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, katika kifungu cha 23, yaeleza kwamba uchunguzi waweza kufanywa na Katibu au mtu aliyeidhinishwa naye. Hivyo ndivyo mamlaka yanavyoshuka kutoka Nairobi hadi afisi za maeneo, kama vile za Bungoma na Eldoret, na hatimaye vijijini. Mchunguzi hupewa kitambulisho kilichotiwa sahihi na Katibu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sheria nayo yataka mjumbe aonyeshe aliyemtuma.

Mamlaka hayo yana mipaka. Kwa kawaida, mchunguzi huhitaji kibali cha mahakama ili kuingia na kupekua jengo. Isitoshe, tume yenyewe haina uwezo wa kumfungulia mtu mashtaka. Faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP), ambaye huamua iwapo mshukiwa atashtakiwa.

Utengano huo ulizaliwa na funzo chungu. Mnamo Desemba 22, 2000, Mahakama Kuu iliamua kwamba Mamlaka ya Kupambana na Ufisadi (KACA), iliyoanzishwa 1997, ilikiuka Katiba. Miongoni mwa sababu ni kwamba iliongozwa na jaji wa Mahakama Kuu, na kwamba uwezo wake wa kushtaki uliingilia kazi ya Mwanasheria Mkuu. KACA ikasambaratika, pamoja na kesi ilizokuwa imeanzisha.

Tatizo jingine lilizuka 2015, makamishna wote wa EACC walipojiuzulu. Maafisa waliendelea na kazi, na faili zikapelekwa kwa DPP. Moja ilihusu barabara ya Kamukuywa-Kaptama-Kapsokwony-Sirisia katika kaunti jirani ya Bungoma, na ikapelekea kushtakiwa kwa aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Michael Kamau. Mnamo Julai 2017, Mahakama ya Rufaa iliyabatilisha mashtaka hayo, kwa kuwa tume haikuwa na makamishna wakati ripoti ilipowasilishwa. Uamuzi huo haukugusa suala la iwapo mshtakiwa alikuwa na hatia au la.

Ni dhahiri basi kwamba mamlaka yaliyokasimiwa hayawezi kuwa na nguvu kuliko chanzo chake. Kasoro ndogo ya utaratibu Nairobi yaweza kuangusha kesi ya barabara ambayo wananchi wa mashambani wameisubiri kwa miaka mingi, na ushahidi usipate hata kusikizwa.

Kwa mwalimu mkuu au karani wa Likuyani, funzo ni jepesi. Anayejitambulisha kuwa afisa wa tume aombwe kitambulisho, na akitaka kupekua afisi, aulizwe kibali. Naye akiahidi "kuifunga faili" kwa malipo, anauza kitu ambacho hakupewa.