Ufunguo na safu katika hifadhidata

ufunguo [ngeli ya U-ZI, wingi: funguo] *Katika hifadhidata:* safu wima, au safu wima kadhaa kwa pamoja, ambayo thamani yake haijirudii, na kwa hiyo hutambulisha safu mlalo moja tu ya jedwali.

Hifadhidata za kimahusiano, ambazo msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd katika makala yake ya mwaka 1970, hupanga data katika majedwali. Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara.

Je, jina laweza kuwa ufunguo?
Kwa kawaida haliwezi. Mzinga ni kata ya Manispaa ya Morogoro, kando ya Milima ya Uluguru. Mzinga pia ni kata ya Ilala, Dar es Salaam. Katika jedwali la kata zote za Tanzania, ulizo hili litarejesha zaidi ya safu mlalo moja:

SELECT * FROM kata WHERE jina = 'Mzinga';

Iwapo jedwali la shule linataja kata kwa jina peke yake, vitabu vya wanafunzi wa Morogoro vyaweza kuhesabiwa Dar es Salaam. Kompyuta haitatoa onyo, kwa kuwa ulizo limeandikwa sawasawa. Kosa limo katika mpango wa jedwali.

Dawa yake ni kuipa kila kata namba isiyojirudia. Namba hiyo ni ufunguo wa msingi wa jedwali la kata. Ikiandikwa katika jedwali la shule, humo huitwa ufunguo wa kigeni. Neno *kigeni* hapa halimaanishi nchi ya nje. Ufunguo huo kwao ni jedwali jingine.

Je, jina la kata pamoja na la halmashauri hayatoshi?
Hutosha kwa muda tu, kwani majina ya utawala hubadilika. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi na kuwa Jiji la Dar es Salaam. Aliyetumia jina la halmashauri kama sehemu ya ufunguo alilazimika kulirekebisha katika kila jedwali lililoutaja. Aliyetumia namba alirekebisha safu mlalo moja.

Je, *safu* ni ya kulala au ya kusimama?
Yaweza kuwa yoyote. Safu ya milima hutandaa. Safu ya gazeti hushuka. Kwa hiyo neno hili lisiachwe peke yake katika maandishi ya hifadhidata: *safu mlalo* hubeba habari zote za kitu kimoja, na *safu wima* hubeba sifa moja ya vitu vyote. Mfasiri akiandika "futa safu" bila kufafanua, msomaji aweza kukusudia kuondoa kata moja akafuta majina ya kata zote.

Mfano: *Kila safu mlalo ya jedwali la shule ina ufunguo wa kigeni unaoelekeza kwenye kata yake.*

Linganisha: Kamusi nazo hutenganisha maana za neno moja kwa tarakimu. *Mzinga* wa nyuki na *mzinga* wa kufyatulia makombora huandikwa kwa herufi zilezile. Tarakimu ndiyo humwonyesha msomaji ni upi unaokusudiwa.