Kigali: Jinsi ya kufikisha intaneti ya waya kwenye chumba cha kazi cha uani

Ukifundisha, ukitafsiri au ukihudumia wateja mtandaoni, mawasiliano yakikatika katikati ya kazi unaweza kukosa malipo ya siku nzima. Mara nyingi ruta iko sebuleni, nawe unafanyia kazi chumba cha uani. Kuta za matofali na milango ya chuma hudhoofisha Wi-Fi. Waya huondoa tatizo hilo.

Kabla ya kulipa

- Uliza kama faiba imefika kwako. MTN Rwanda na CanalBox hutoa huduma hiyo Kigali, lakini si kila mtaa umefikiwa. Taja wilaya, sekta, seli na kijiji (umudugudu) unakoishi.
- Kama wewe ni mkimbizi, nenda na kitambulisho chako cha ukimbizi na uulize kama kinakubalika kwa mkataba.
- Kama mkataba utakuwa kwa jina la mwenye nyumba au jirani, andikeni nani atalipa na ruta itabaki kwa nani ukihama.
- Omba ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta.
- Lipa kampuni yenyewe na utunze risiti. Usimpe fundi pesa ya kuunganishiwa mkononi.

Pima umbali

Pima njia ambayo waya utapita, pamoja na kupanda na kushuka ukutani.

- *Hadi mita 100:* waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6 unatosha.
- *Zaidi ya mita 100:* weka swichi katikati, mahali penye umeme, au tumia faiba yenye kigeuzi kila upande.
- *Majengo mawili tofauti:* faiba ni salama zaidi hata kwa umbali mfupi. Radi ikipiga karibu, waya wa shaba unaweza kupitisha umeme na kuunguza ruta na kompyuta. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme. Ukitumia shaba, chomoa waya pande zote mbili kabla ya mvua ya radi kufika.

Kununua na kupitisha waya

- Chagua waya wa shaba tupu. Ulioandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba: ni rahisi, lakini hukatika upesi na hupoteza nguvu.
- Nje, tumia waya uliotengenezwa kuhimili jua na mvua. Ukiufukia, upitishe ndani ya bomba la plastiki.
- Usiufunge pamoja na nyaya za umeme.
- Ujaribu kabla ya kufukia au kuziba tundu la ukuta.

Intaneti ikiwa polepole

Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya mfupi, upime kasi. Kisha pima ukiwa chumba cha kazi. Ikiwa ni polepole kote kuwili, piga simu kwa kampuni. Ikiwa ni chumba cha kazi peke yake, kagua vichwa vya waya kwanza. Mara nyingi kosa liko hapo.

Andika tarehe na saa ya kila tatizo. Kampuni isipokusikiliza, peleka malalamiko RURA, mamlaka inayosimamia huduma za mawasiliano Rwanda, ukiwa na kumbukumbu hizo pamoja na risiti zako.