Saa Iliyomla Jack Bauer

Ndugu msomaji, ubishi ninaotaka kukusimulia niliukuta umeshaanza. Ilikuwa mwaka 2010, mimi nipo darasa la sita. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha kukodisha DVD kule Tandika, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Diski zenyewe za magendo, sizoni nzima imebanwa ndani ya diski moja, picha inakatakata, na maandishi ya chini ni Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu asingekitambua. Lakini zilitoka kama njugu. Na katika hizo zote hakuna iliyoazimwa kama "24", ile tamthilia ya kijasusi ya Kimarekani ya Jack Bauer.

Jioni benchi la kinyozi lilijaa. Swali lilikuwa lile lile: Jack ameisha au hajaisha? Kaka alishikilia kwamba tamthilia ilikufa sizoni ya sita. Fundi, ndivyo tulivyomwita yule kinyozi, alisema ilikufa zamani ila watu wanaona aibu kuizika. Wengine waliitetea mpaka povu. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta diski kwa fulana na kusikiliza. Leo nimemaliza kidato cha nne siku nyingi, naandika riwaya yangu ya kwanza, ya kijasusi vile vile, na nimeona kuwa ubishi ule haukuwa wa kupoteza muda. Una historia yake, na historia hiyo inamhusu kila kijana anayeshika kalamu. Basi tuanze mwanzo.

"24" ilibuniwa na Joel Surnow na Robert Cochran. Sehemu ya kwanza ilipigwa picha mapema mwaka 2001, ikaoneshwa na televisheni ya Fox tarehe 6 Novemba 2001, wakati Wamarekani bado wanaomboleza maafa ya Septemba 11. Ndani yake mlikuwa na ndege inayolipuka angani. Ilibidi kipande hicho kipunguzwe. Msingi wa tamthilia ni jambo moja: saa moja ya hadithi ni saa moja ya ukutani. Sizoni ni siku moja, sehemu 24. Hakuna "baada ya wiki mbili", hakuna "alipoamka kesho yake". Jack Bauer, aliyechezwa na Kiefer Sutherland, ni mtu wa kitengo cha kupambana na ugaidi, CTU, mjini Los Angeles. Ni siku ya uchaguzi wa awali wa rais huko California. Seneta David Palmer anawindwa auawe, na humo humo mke wa Jack na binti yake wanatekwa.

Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya marehemu Elvis Musiba tunajua jasusi ni mtu wa namna gani. Willy Gamba anasafiri, anafikia hotelini, anavuta pumzi, kisha kazi inaanza. Jack hana hoteli. Hata kula hali. Saa inagonga, na wewe unayetazama unagonga nayo. Hapo ndipo utamu wote ulipokuwa.

Lakini ukitaka kujua nyufa zilianza lini, usikimbilie sizoni ya sita kama kaka. Anzia ya kwanza. Fox iliagiza sehemu 13 tu kwanza, basi waandishi wakasuka kisa ambacho kingeweza kufika kituoni karibu na hapo: mama na binti wanaokolewa. Kisha ikaja ruhusa ya kuikamilisha siku nzima. Sasa, watu wameshaokolewa, utawafanya nini kwa masaa 11 yaliyobaki? Mke, Teri, akapoteza kumbukumbu. Binti, Kim, akatekwa tena. Watazamaji wakaguna. Sizoni ya pili, wakati bomu la nyuklia linatafutwa mjini, Kim huyo huyo akakutana na puma porini. Hadi leo ukitaja puma mbele ya mpenzi wa "24", ataangalia pembeni.

Waandishi wale hawakuwa na ramani ya siku nzima. Waliandika asubuhi bila kujua usiku utaishaje. Hata kwamba Nina Myers, mwenzake Jack kazini, ndiye pandikizi la adui, liliamuliwa safari ikiwa njiani. Na bado Mei 2002 mwisho ulipofika, Nina akamuua Teri, na watu hawakuamini macho yao. Mke wa shujaa amekufa, na amekufa kweli. Saa ya kwenye kioo ikahesabu bila sauti. Toka siku hiyo mashabiki wakaiita saa ya kimya, na ikawa kama mkataba kati yao na waandishi: ukisikia kimya, ujue msiba ni wa kweli.

Kilele kilikuwa sizoni ya tano, mwaka 2006. Ndani ya sehemu ya kwanza tu David Palmer, aliyekwisha kuwa rais, anapigwa risasi. Adui anakuja kugundulika kuwa ni rais aliye madarakani, Charles Logan, aliyechezwa na Gregory Itzin. Mwaka huo tamthilia ilichukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, na Sutherland akapata yake ya mwigizaji bora. Kwenye benchi letu hakuna aliyebishia sizoni ya tano. Hata Fundi alinyamaza.

Kitu kimoja tu kilileta maneno. Katika sizoni hiyo Edgar Stiles, yule bonge wa kompyuta, alikufa kwa gesi ya sumu na akapewa saa ya kimya. Lakini Tony Almeida, rafiki wa Jack tangu siku ya kwanza, alipofia mikononi mwa Jack, saa iligonga kama kawaida. Wapenzi wakang'amua. Wakasema: mbona huyu hakuliliwa? Ama waandishi wamesahau, ama Tony hajafa. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Januari 2007 ikaja sizoni ya sita. Jack ametoka gerezani China, amechakaa, hawezi tena. Sehemu ya nne analazimika kumpiga risasi mwenzake, Curtis Manning, anaanguka chini, anasema basi, imetosha. Dakika chache baadaye bomu la nyuklia linalipuka kweli, Valencia, kaskazini ya Los Angeles. Jack analiona wingu, anainuka, anarudi kazini. Kaka alikuwa anasimama kabisa akifika hapa. "Dogo, hapo ndipo walipomzika! Nyuklia imelipuka, na saa mbili mbele watu wanaendesha magari kama Jumapili!" Na ni kweli. Baada ya hapo likaja la familia: mtu wa siri aliyekuwa akimwamrisha Rais Logan katika sizoni ya tano, kumbe ni ndugu wa Jack, Graem. Jack anamtesa kwa sindano ili aseme. Baba yao, Phillip, anakuja kummaliza Graem ili asiseme zaidi. Marekani nzima, na maadui wote wametoka tumbo moja na jirani yake!

Wengi walisema waandishi wamechoka, mawazo yameisha. Mimi naona sivyo. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na kilichoipasua ngoma hii ni ile ile saa iliyoifanya ivume. Fikiri wewe mwenyewe, msomaji. Mtu aliyefiwa na mkewe anahitaji arobaini. Jack ana dakika. Mji uliopigwa bomu unahitaji miaka. Mji wa Jack una mpaka saa moja ijayo. Waandishi wakiua mtu, hawana nafasi ya kumlilia, basi inabidi waue mwingine mkubwa zaidi ili tushtuke tena. Sizoni ya pili ilitafuta bomu moja, ya sita ikalilipua mjini. Ukishalilipua utapanda wapi tena?

Na upelelezi nao ni hivyo hivyo. Kachero wa kweli anauliza majirani, anafuatilia, anakosea, anarudi. Hayo yanataka siku. Jack ana dakika, kwa hiyo kila waandishi walipokwama, njia ilikuwa moja: mtu anafungwa kwenye kiti, anateswa, anasema, na anachosema ni kweli. Shirika moja la Marekani linalofuatilia vipindi vya televisheni lilihesabu matukio 67 ya mateso katika sizoni tano za kwanza. Sehemu ni 120. Yaani zaidi ya tukio moja kwa kila sehemu mbili.

Hapa historia inatoka kwenye burudani. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri hadi California kuonana na watengenezaji wa "24". Alifuatana na watu waliofanya kazi ya kuhoji wafungwa kwa miaka mingi. Malalamiko yake yalikuwa kwamba vijana anaowafundisha sheria wanaitazama tamthilia na kuamini kwamba mateso yanafaa, kwa kuwa Jack anayatumia na yanafaa. Aliwaomba waandike hata mara moja mateso yanayoleta balaa. Februari 2007 habari hiyo iliandikwa kwa kirefu na Jane Mayer katika jarida la The New Yorker.

Angalia miezi, msomaji. Mwanzo wa 2007 wapenzi wanalalamika kwamba msuko umeharibika. Miezi hiyo hiyo watu wanajadili maneno ya jenerali, kwamba mateso yamezidi. Wakati ule ilionekana ni kelele mbili tofauti, moja ya wapenda burudani, nyingine ya wanasheria. Mimi nasema ilikuwa kelele moja. Mateso ndiyo yalikuwa njia ya mkato ya msuko. Mtunzi aliyeshindwa kumfikisha shujaa kwenye ukweli kwa akili alimfikisha kwa nyundo, na mtazamaji akazoea kwamba nyundo inajua ukweli.

Waandishi walisikia, tusiwanyime haki yao. Mgomo wa waandishi wa Marekani, Novemba 2007 hadi Februari 2008, uliisogeza sizoni ya saba hadi Januari 2009, na ilipofunguka Jack alikuwa mbele ya kamati ya Seneti akiulizwa kuhusu mateso. Kabla yake, Novemba 2008, ilitoka filamu ya kuunganisha iliyopigwa Afrika Kusini, Jack akiwa mafichoni katika nchi ya kubuni iitwayo Sangala. Benchi la Tandika lilivunjika mbavu: nchi ina jina kama sangara wa Mwanza, na mpinduzi wake ni Jenerali Juma! Juma wa kwetu anauza chipsi, Juma wa Jack anaivamia Ikulu ya Marekani. Na katika sizoni hiyo hiyo Tony Almeida akarudi, mzima. Wale wa saa ya kimya walishangilia, walikisia sawa. Lakini kaka alinuna. "Sasa nikimlilia mtu, nitajuaje kama kafa?" Mkataba ulikuwa umevunjika.

Siku ya nane iliisha tarehe 24 Mei 2010. Mwaka 2014 Jack alirudi kwa sehemu 12 mjini London, na katika sehemu ya mwisho saa iliruka masaa 12 kwa mpigo. Miaka 13 ilipita ndipo walipokubali kuwa saa ilikuwa mzigo.

Narudi kwenye benchi. Jioni moja jamaa mmoja alimtetea Jack kwa hoja nzito: "Hadithi ni hadithi. Nani wa hapa atajifunza kupiga watu kwa Jack?" Fundi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Akazima mashine, akasema:

"Mimi nimepigwa. Iliibwa simu mtaani kwetu, vijana wakanikamata, wakasema nataja au sitaji. Nikataja. Jina la kwanza lililonijia, kijana niliyesoma naye. Wakaniacha, wakaenda kwao, wakamvunja mkono. Simu ikaonekana kesho yake, mwenyewe kaisahau kwa shemeji yake. Kwa hiyo nyie mkiniambia Jack kampiga mtu na mtu kasema kweli, mimi najua aliyeandika hajawahi kupigwa."

Akawasha mashine, akaendelea kunyoa. Ubishi wa siku ile uliishia hapo.

Nilikuwa mtoto, nikasahau. Mwaka juzi nilimpa kaka asome mswada wangu, kaunta buku tatu. Akarudisha na neno moja: "Dogo, Inspekta wako kila akikwama anampiga mtu." Nikahesabu. Mara tisa. Na mara zote tisa aliyepigwa alisema kweli. Nilimcheka mwandishi wa Los Angeles aliyebanwa na saa, na mimi sina saa yoyote inayonibana, nina uvivu tu.

Nikachukua ile ya kwanza, nikaibadili. Mtu anapigwa, anataja jina la uongo ili aachwe. Inspekta anavunja mlango wa mtu asiyehusika. Sikujua kitakachofuata, na ndiyo mara ya kwanza nikakaa usiku kucha nikiandika, maana nami nilitaka kujua. Zile nane zilizobaki nazipitia moja moja. Riwaya haijaisha.

Kaka alifunga kibanda, siku hizi anaendesha bodaboda. Ukipanda, ukamtajia "24", atakwambia ilikufa sizoni ya sita, sehemu ya nne, Valencia. Mimi bado nambishia. Nasema ilianza kuugua siku mwandishi alipokwama kwa mara ya kwanza, akaona kiti na kamba, akajiambia hiyo inatosha.